Udongo wa Ghorofa Ishirini na Mbili

Jumatatu, 13 Aprili 2015

Daftari jipya! Mchungaji alitugawia jana kanisani, kila nyumba moja, tuandike kila siku jambo la kumshukuru Mungu. Mke wangu Ketura amesema hana nafasi, ana mahindi ya kupalilia. Basi nitashukuru mimi kwa niaba ya nyumba nzima.

Shukrani ya kwanza: macho yangu. Wiki ya tano sasa nachungulia kwenye tundu la mabati pale mjini Kasese wanapojenga ghorofa ishirini na mbili. Ishirini na mbili! Kwenye bango limechorwa jengo la vioo vitupu, limepita mawingu. Mimi nyumba ndefu niliyowahi kupanda ina ghorofa tatu, na nilishuka nimeshika ukuta. Lakini wiki tano zimepita na jengo halijapanda hata tofali moja. Linashuka! Katapila mbili zinachimba, tipa zinabeba udongo, shimo linatosha kumeza kanisa letu pamoja na kengele. Wenzangu wa kwenye matundu wanapiga makofi. Ni mimi peke yangu niliyeshtuka.

Marehemu baba, Mzee Oyet, alitoka kaskazini akachimba shaba Kilembe miaka ishirini. Hakuna hata siku moja aliyoshuka chini ili apande juu. Ghorofa, ati! Ule ni mgodi. Bango ni la kutufumba macho. Asante Mungu kwa kunizaa katika ukoo wa wachimbaji.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeongea na Bright, dereva wa tipa. Nikamuuliza kama mtu asiye na haja wanakomwaga udongo. Akasema mbali sana, nje ya mji, na mafuta yanamwishia njiani. Nikamwonea huruma. Nikamwambia kiwanja changu kiko karibu tu, pale Nyamwamba kando ya mto, amwage bure. Akanikagua kutoka kofia hadi ndala. "Mzee Ocen, wewe nataka udongo ya nini?" Nikajibu: maua.

Tipa sita kabla ya jioni! Zote nyuma ya nyumba, upande wa mto, mtu wa barabarani asione.

Ketura aliporudi shambani akauliza kile ni nini. Nikasema baraka. Akasema baraka zangu anazijua, ameishi nazo miaka kumi na mmoja: sungura waliokula godoro, na sabuni yangu iliyogeuza kanzu za kwaya kuwa za rangi ya chai. Shukrani ya leo: hakutaja nyuki.

Ijumaa, 17 Aprili

Wizi! Bamwine, jirani yangu, mtu ambaye hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe tangu azaliwe. Nikifuga, anafuga. Nikipaka chokaa, anapaka. Aliona tipa zinaingia kwangu, akamsimamisha Bright barabarani. Leo kwake zimemwagwa tipa nane, kando ya mto vilevile, rundo lake limegusana na langu. Nikamuuliza udongo wa nini. Akasema wa maua. Maua yangu!

Nimeagiza kumi zaidi.

Mjini wameleta mashine ya kutoboa, inazamisha mabomba marefu ndani ya shimo. Bright anasema ni mizizi, jengo refu lazima lishikwe chini kwanza. Watu wanaamini. Linashikwa nini, na hakuna kitu? Wanapima madini, basi.

Jioni nimeokota kwenye rundo langu kipande cha kijani. Kijani! Baba alinifundisha mwenyewe kwamba palipo na ukijani ndipo shaba ilipo. Nilipiga magoti palepale kwenye udongo. Bamwine akaniona, naye akapiga magoti kwake.

Jumapili, 19 Aprili

Ketura ameondoka. Tipa ya mwisho ilifunika jiko lake la nje na kamba ya nguo. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Amesema taratibu kwamba udongo uondoke, au yeye harudi. Amepanda gari la Bwera, kwa baba yake Mzee Eriya.

Shukrani ya leo imenichukua muda mrefu. Nimeipata: amechukua sanduku dogo, kubwa ameliacha.

Nyumba ni kimya mno.

Jumanne, 21 Aprili

Bwera. Mpango ulikuwa mzuri kabisa. Kwanza nimwone Martine, mama wa Kikongo anayenunua mawe ya madini karibu na mpaka, nimwonyeshe mfuko wa udongo. Kisha niende kwa wakwe nikiwa tajiri, nirudi na Ketura. Lakini mvua ilinikuta njiani, na kwa wakwe ndiko kulikokuwa karibu.

Sasa, desturi naijua. Mtu hafuati mke mikono mitupu. Niliisahau, kichwa kilikuwa kimejaa shaba. Shemeji Loyi akatoka mbio, akapiga goti, akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru kwa unga, akakimbia nao jikoni. Nikanyoosha mkono kuudaka, nikachelewa. Nikasikia unamwagwa kwenye ungo.

Mzee Eriya akaletewa ungo. Akaugusa kwa kidole. "Mukwe," akasema, "mimi niko muzima. Umekuja kunizika?"

Nikaeleza habari za shaba. Haikusaidia. Ketura hakucheka hata kidogo, na zamani angecheka. Akasema tu kwamba sharti lake nalijua.

Nikazoa udongo wangu nikaenda kwa Martine. Akaulowesha, akaunusa, akaonja kidogo akatema. "Pardon, papa. Hii iko udongo tu. Na hii ya kijani iko chupa ya bia."

Namshukuru Martine. Alinirudishia mfuko.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimesalimu amri. Bright ameahidi kuja kesho asubuhi na katapila, azoe udongo wote. Bamwine aliposikia naondoa, akasema naye anaondoa. Sikumwambia habari za chupa. Nimempigia simu Ketura: aje Jumamosi, atakuta uwanja mweupe na jiko lake pale pale. Akasema ataona. Nataka sana aone.

Ijumaa, 24 Aprili

Bright hakuja! Saa nne, hakuna mtu. Nikakimbia mjini. Leo wanamwaga zege la msingi, na likianza halisimami, injinia amekataza gari lolote kutoka. Shimo zima limejaa nondo zilizofumwa kama mkeka, na zege linashuka juu yake. Ni kazi nzuri, nakiri. Lakini nilimlaani Bright njia nzima kurudi.

Saa nane mlima unakoanzia mto ukawa mweusi kwa mawingu. Saa tisa mto ulitoka kingoni.

Sijui niandikeje. Mto Nyamwamba ulikuja na mawe, tuliyasikia yakigongana kabla hatujaona maji. Hapakuwa na muda wa kutoa hata kiti. Mimi na Bamwine tulisimama kwenye kibaraza changu cha nyuma. Maji yakafika kwenye marundo, yakasukuma, yakapanda hadi nusu, yakasukuma tena. Kisha yakageuka yakaenda uwanja wa mpira. Yalienda huko hadi jioni. Nyumba yangu, ya Bamwine, na nne za ng'ambo ya barabara: kavu!

Bamwine alikuwa amenishika mkono na hakuuachia. "Webale, Ocen. Webale muno." Alikuwa ananishukuru kwa lugha yao, huku analia. Na mimi pia.

Mungu wangu, asante kwa zege. Asante kwa injinia. Asante kwa Bright kutotimiza ahadi.

Jumamosi, 25 Aprili

Ketura alisikia redioni kwamba mto umetoka. Alishuka garini akakimbia, kiatu kimoja kimebaki barabarani. Alipapasa kuta zote za nyumba kwa kiganja, chumba kwa chumba, akitafuta unyevu. Kisha akakaa kitandani, akaniita jina langu la ubatizo, jambo ambalo hafanyi, akasema asante. Nampenda mwanamke huyu. Jiko lake nimelijenga upya asubuhi hiyohiyo, mbali na rundo.

Mzee Eriya alikuja naye. Alipanda juu ya rundo na fimbo yake, akatazama mto, akatazama nyumba. "Wasingya, mukwe." Asante, ndivyo alivyosema! Alipoondoka aliomba ule mfuko wangu. Akaujaza udongo, akaubeba mwenyewe hadi Bwera.

Jumapili, 26 Aprili

Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa. Akasema kuna watu huona mbali. Niliinamisha kichwa. Sikutaja maua, sikutaja shaba. Bamwine naye akasimama bila kuitwa, akasema wazo lilikuwa letu sote. Nikamwachia.

Ketura amechinja jogoo. Nimepewa mapaja yote mawili.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimeenda mjini kwenye tundu langu. Nguzo! Nondo za nguzo za kwanza zimechomoza juu ya msingi, zinatazama mbinguni. Kumbe ni ghorofa kweli! Nilipiga makofi kuliko wote. Lile jengo silidai kitu tena, limeniokolea nyumba na mke.

Njiani kurudi nikafikiri. Udongo wa kawaida maji huuchukua. Wangu haukusogea. Kwa nini? Ni mzito. Na kwa nini ni mzito? Nilisimama katikati ya barabara, boda nusura inigonge. Martine alionja udongo wa juu! Shaba ni nzito, lazima imezama chini ya rundo. Atakayeondoa ule wa juu ataikuta.

Ketura anaimba jikoni, bado hajui. Nimeshaongea na Bright, anakuja na katapila Jumatano kuondoa rundo lote. Redio inasema Alhamisi kutakuwa na mvua kubwa mlimani. Asante Mungu, nitakuwa nimemaliza siku moja kabla.