Mpimaji wa Kisima cha Mama Dobi

Kabla hakujapambazuka, bomba la uani lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likanyamaza. Asali, mpangaji aliyehamia juzi tu na bado hajafahamika mtaani, alibaki amesimama na ndoo yake tupu. Waliompa jina hilo walisema ni kwa sababu ya ulimi wake, na wengi wao walisema hivyo wakiwa wameshalambishwa na kutapeliwa.

Ndipo akasikia, ng'ambo ya ukuta, pampu ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Kwa Mama Dobi, mwenye kisima chake, maji hayakukatika. Asali akaweka ndoo chini. Alikuwa tarishi katika ofisi ya maji ya bonde hadi walipomfukuza miezi minane iliyopita, na alijua jambo ambalo majirani wasio na kisima hawakulijua: kila kisima kisicho na kibali kingefungwa mwisho wa mwezi. Mwenye kisima aliyejaa hofu hufungua mlango hata kabla hujabisha.

Saa mbili asubuhi alikuwa kwa dobi, kavaa koti la marehemu baba yake, jalada kwapani.

"Ofisi ya bonde," alisema. "Tunakagua matumizi ya maji na utunzaji wa mazingira."

Mama Dobi, mjane mwenye viganja vilivyopauka kwa sabuni, alimsogezea kwanza kiti kivulini, kisha akamletea chai. Wanawake sita waliokuwa wakifua waligeuka kumtazama. Kisima kikifungwa, wote saba hawana kazi.

"Kibali huna," alisema Asali kwa huzuni ya kiserikali.

"Fomu yangu wameirudisha mara mbili, baba. Wanasema haina vipimo, na mimi kupima sijui."

"Mambo haya yanazungumzika." Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye turubai pembeni ya ua, ambako usukani wa pikipiki ulikuwa ukichungulia. "Tatizo ni kwamba mkaguzi anahitaji usafiri."

"Ile ya marehemu mume wangu? Imekaa tu. Ukinimalizia fomu, ni yako."

Asali akaona kazi lazima ionekane. Alitoa chupa mfukoni, akateka maji kisimani, akaisuuza mara tatu kwa maji yaleyale, ndipo akaijaza na kuifunga bila kugusa mdomo wa chupa. Mama Dobi alimtazama, kisha akamwongezea sukari.

Fomu ilikuwa halisi. Asali alikuwa amejichukulia chache siku ya kufukuzwa, kama kumbukumbu. Ilikuwa na mistari kumi na minne kwa alfajiri kumi na nne, ya kuandika kina cha maji kabla pampu haijawashwa. Kila mstari ulikuwa na nafasi ya sahihi ya mpimaji, na chini kabisa ilikuwapo ya mkaguzi.

"Nitaijaza yote sasa hivi," alisema.

"Alfajiri kumi na nne kwa asubuhi moja? Basi na mimi nikupe gurudumu moja leo."

Wanawake walicheka kimyakimya juu ya mabeseni yao.

Hivyo Asali akawa anaamka alfajiri. Ni haki kusema kwamba hakuna kazi ya halali iliyowahi kumtoa kitandani saa hiyo. Aliteremsha kamba yenye alama, Mama Dobi akamshikia tochi. Siku ya tatu alitaja kina bila kushusha kamba. Mama Dobi akamulika kamba, kisha akamulika uso wake.

"Mbona kamba ni kavu, mwanangu?"

Akaishusha.

Siku ya sita Mama Dobi alitaka kujua maji ya sabuni yaende wapi, badala ya mtaroni. Asali alisema, kwa mujibu wa kanuni, yapite kwenye mashimo matatu yenye kokoto na mchanga.

"Nionyeshe kwa jembe. Mimi maneno matupu hayaniingii."

Alichimba siku nne. Mama Dobi alimfunga malengelenge kwa kitambaa safi, wala hakuna siku aliyochimba bila kula kwanza. Kila alfajiri Asali alitia sahihi yake kwenye nafasi ya mpimaji. Nafasi ya mkaguzi aliiacha wazi, kwa kuwa kughushi sahihi ya afisa ni jela, na Asali alikuwa mwaminifu sana kwa jambo lolote lenye jela ndani yake.

Siku ya kumi na nne, aliporudi mchana baada ya kipimo cha mwisho, alimkuta pale mtu mwenye miwani, gari la ofisi nje. Alikuwa afisa wa bonde mwenyewe, aliyeitwa na Mama Dobi kuja kuikagua fomu. Miguu ya Asali ilitaka kuondoka bila yeye.

"Wewe!" alisema afisa.

"Huyo ndiye mpimaji wangu," alisema Mama Dobi. "Ndiye aliyechimba na mashimo."

Afisa alikagua mashimo, akashusha kamba mwenyewe, akasoma fomu mstari kwa mstari.

"Ulipokuwa kwetu hukuwahi kufanya kazi namna hii," alisema. Akatia sahihi kwenye nafasi ya mkaguzi, akaagana nao, akaenda zake.

Asali alikimbilia turubai, akalifunua. Pikipiki ilikuwapo, ila pale injini ilipotakiwa kuwa, kuku alikuwa ameatamia mayai saba.

"Injini marehemu aliiuza kabla hajafa," alisema Mama Dobi. "Chukua iliyobaki, ila umsubiri kuku aangue."

Asali aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Ulinijua lini?"

"Siku ileile ya kwanza. Wakaguzi wawili walikuja hapa kabla yako, hakuna aliyeinama kuteka maji. Mkubwa huagiza tu. Anayesuuza chupa mara tatu ni yule aliyekuwa akiwabebea wakubwa."

"Na ukaninyamazia."

"Ningesema, ungekimbia. Na hao sita wangekula nini?"

Aliingia ndani, akarudi na lile koti Asali alilolivua siku alipoanza kuchimba. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, na mahali pa kifungo kilichopotea zamani kimeshonwa kingine. Alimvalisha mwenyewe, akamkung'uta mabega kama mtoto anayekwenda shule.

Asali alielekea mlangoni, akikipapasa kile kifungo kipya.

"Uje tena Jumatatu, baba," Mama Dobi alimwita. "Uje mapema. Dada yangu naye ana kisima."