Kuhusu Ngiri ya Shemeji Yangu Iliyopasuliwa Mwilini Mwangu

Dedza, tarehe 9 Julai

Kwa Bwana Laitoni Chimtengo,
Msimamizi Mkuu, Kliniki ya Tichiritse

Mheshimiwa Bwana Chimtengo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kama baridi ya mwaka huu imekuletea mafua, pole sana. Mimi mwenyewe si mzima sana, lakini hilo tutalifikia kwa utaratibu.

Naomba nijitambulishe, ingawa umeshaniona hadi ndani. Naitwa Biliati Mkwezalamba. Nimefanya kazi chini ya ardhi Johannesburg miaka tisa, nimelala Beira, nimekula Lusaka, na Harare kuna mtaa mmoja ambao hadi leo wananiulizia. Shule nilifika darasa la sita, la saba nikalichungulia dirishani. Kwa hiyo nikikosea herufi unisamehe, nikikosea hoja uniambie.

Hapa kijijini mimi ni mkwe. Nimemwoa Enelesi, nakaa kwao, nalima shamba la kwao, kama tunavyofanya sote. Mwenye kauli juu ya ndoa yangu ni kaka yake mkubwa, Yotamu Kapinya. Akisema leo nibebe mkeka niondoke, nabeba mkeka. Sasa Yotamu alipolazwa kwako mwezi uliopita ili apasuliwe ngiri, nani awe mwangalizi wake, ampikie ugali wetu wa nsima, amfulie, amshike mkono kwenda chooni? Ni mimi. Niliingia kliniki yako nikiwa mwangalizi. Nilitoka na nyuzi kumi na moja.

Yaliyotokea unayajua, ila nitayaandika ili yasije yakabadilika. Asubuhi ya tarehe 11 Juni, umande umeganda kwenye nyasi kama chumvi, Yotamu alitoka kuota jua nyuma ya jiko. Kitanda namba sita kikabaki kitupu, blanketi lake bado lina joto. Mimi, kwa kuwa kile kibanda chenu cha waangalizi hakina ukuta upande unakotoka upepo, nikajilaza kidogo ili lile joto lisipotee bure. Nikapitiwa na usingizi mzito, usingizi wa mtu aliyezoea kulala jirani na baruti. Nilipozinduka, kiuno hakikuwa changu tena. Watu wako walikuwa wameshanisukuma, wamenipasua, wamenishona, na sasa wananirudisha. Ngiri yenyewe ilikuwa bado inaota jua nyuma ya jiko.

Mimi si mtu wa kinyongo. Migodini niliwahi kuangushiwa gari la mawe na rafiki yangu, na jioni tukala naye. Kilichonifanya nishike kalamu ni ile Taarifa kwa Umma mliyoibandika getini, ikasomwa kanisani Jumapili mbili na redioni mara nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Taarifa inasema: "Kufuatia uvumi unaoenea, Kliniki inathibitisha kwamba hakuna mgonjwa yeyote aliyedhurika." Nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma nikiwa nimekaa, nikaenda nyumbani nikarudi nikasoma tena. Ndipo nikaelewa kwamba ni kweli tupu. Aliyedhurika ni mwangalizi. Mheshimiwa, hii ni sawa na basi kupinduka, halafu mwenye basi atangaze kwamba abiria wote ni salama, kwa kuwa waliovunjika walikuwa wamesimama, na waliosimama hawahesabiwi.

2. Mstari wa pili unasema: "Hata hivyo, mtu mmoja alitumia huduma ya upasuaji bila kujiandikisha." Yaani mimi ni mwizi wa kisu chenu. Nabanda, yule mama anayeuza viazi pale njia panda, aliniambia mbele ya wateja wake: "Bwana mkwe, ukipita hapa tembea katikati ya barabara. Mtu aliyeiba upasuaji, kiazi kitamshinda?" Watu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi pia nilitaka kucheka, lakini nyuzi hazikuniruhusu.

3. Hili ndilo kubwa, ningeweza kuliandika la kwanza ila nilikuwa na hasira. Kitabu chenu kimeandikwa kwa wino mwekundu: Yotamu Kapinya, ngiri, amepasuliwa, amepona. Siku ya pili yake Yotamu alikwenda kuuliza zamu yake itakuwa lini. Sista akamfungulia kitabu akamwonyesha kwa kidole: "Mzee, mbona wewe umeshapona? Ona hapa." Yotamu akainua shati. Sista akaitazama ngiri, akakitazama kitabu, akaamini kitabu. "Huo ni uvimbe wa mawazo, baba. Usiuendekeze."

Mheshimiwa, hapa nimeweka mzaha pembeni. Mganga wako mwenyewe ndiye aliyemwambia mwezi Mei kwamba ngiri hii ikijikaza, hatamaliza siku mbili. Tangu hapo hajashika jembe. Akikohoa, nyumba nzima inanyamaza, tunasubiri kama atakohoa tena.

4. Kwa kuwa mgonjwa amepona na mwangalizi amelala, mkaamuru yule aliyepona amwangalie aliyelala. Basi kwa siku nane Yotamu, na ngiri yake, alichota maji, akapasua kuni, akanisongea nsima, akanibeba mgongoni kwenda chooni. Mimi ni mtu wa mwili. Unajua kwa desturi zetu ni aibu gani mkwe kuogeshwa na mwenye ndoa yake? Nilifumba macho, naye alifumba macho, ndiyo maana sabuni iliingia kila mahali. Wanawake kisimani wakaanza kuniita Chifu. Na ngiri, iliyoingia kwako ikiwa kama yai la kuku, ilitoka kwako ikiwa kama embe.

5. Hatua mpya za usalama. Mmeagiza kila mwangalizi afungwe kitambaa cha kijani mkononi, asije akapasuliwa kwa bahati mbaya. Wazo zuri. Lakini watu wako wameligeuza: asiye na kitambaa ni mgonjwa. Alhamisi iliyopita Mchungaji Nkhwazi alikuja kuwaombea waliolazwa, mkono mtupu. Alichomwa sindano mbili kabla hajafika Amina. Mwuza maziwa alipimwa damu akaambiwa arudi Jumatatu, na kwa kuwa ni mtu mtiifu, Jumatatu alirudi. Kisha mkatoa Taarifa nyingine ya kujisifu kwamba idadi ya wagonjwa mnaowahudumia imepanda.

6. Lile bango la getini lenye namba: SIKU KADHAA BILA MGONJWA KUDHURIKA. Siku niliyopasuliwa lilisomeka 1,824. Siku niliyotoka, nimejikunja kama mundu, nimeegemea bega la mtu mwenye ngiri, mlinzi wako alikuwa juu ya ngazi anaandika 1,832. Akanisalimia vizuri tu. Wiki iliyofuata mkafanya sherehe ya miaka mitano, ngoma, nyama ya mbuzi, na vitenge vilivyochapwa maneno "Tichiritse: Mgonjwa Kwanza". Enelesi alipewa doti moja. Analala nayo kitanda kimoja na mimi, maneno yakiwa yameangalia kidonda changu. Mheshimiwa, sikuombi urudishe bango kwenye sifuri. Najua namba zile mmezilea kama watoto. Rudisha siku moja tu, ile yangu, nami nitaridhika.

7. Nimelifikiria jambo hili kwa wiki nne nikiwa nimelala chali, na hapa ndipo lilipofika. Kitabu chenu ni kitabu cha serikali, kina muhuri. Kama hakidanganyi, aliyepasuliwa ni Yotamu Kapinya. Aliyepasuliwa ni mimi. Basi mimi ni Yotamu Kapinya. Kama mimi ni Yotamu, Enelesi ni dada yangu wa tumbo moja, na watoto sita niliozaa naye ni kesi ya kupelekwa kwa chifu asubuhi na mapema. Tena kama mimi ni Yotamu, mimi ndiye mwenye kauli juu ya ndoa ya Biliati, na kwa haya niliyoyasikia kumhusu Biliati, ningemfukuza. Na huyu mwingine anayekohoa chumba cha pili ni nani? Kwenye vitabu hayumo. Akifa, hatafa mtu. Bango lenu litaendelea kupanda.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima mambo mawili. Kwanza, niandikwe kuwa mgonjwa, hata kwa penseli. Pili, na kama la kwanza ni gumu liache: futeni lile neno "amepona", mumpasue Yotamu. Aliyeleta barua hii ndiye yeye. Amekuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, taratibu, juu ya magunia. Sikuja naye ili msipate nafasi ya kuchagua. Mwangalizi wake ni Enelesi, ambaye nimemfunga kitambaa cha kijani mikono yote miwili na kingine kichwani. Mwenye kitambaa ni mzima, msimguse.

Nisalimie sista wa kitabu, mwambie sina neno naye, mwandiko wake ni mzuri. Nisalimie mpishi wa uji, mlinzi na ngazi yake, mganga aliyenishona, ambaye hata mke wangu amesifu mishono yake, na yule mzee wa kitanda namba saba kama bado yupo. Mchungaji Nkhwazi akipita tena mpeni kiti kwanza.

Wako mtiifu, asiye mgonjwa,

Biliati Mkwezalamba

Nyongeza: Barua hii nilimsomea Yotamu jana kabla ya kuifunga, kwa kuwa yeye hajui kusoma na mimi napenda kusikilizwa. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka pale pa maziwa, akajishika tumbo. Kisha akasema: "Shemeji, umeandika vizuri sana. Lakini umeruka ile sehemu uliposema ndiyo. Kama hutaiandika, mimi siendi."

Basi naiandika. Sikuwa nimelala. Sista alifika kitandani akauliza, "Wewe ni Kapinya?" Nikasema ndiyo, kwa sababu mwangalizi akikutwa kitandani anafukuzwa, na nje kulikuwa na barafu. Mlangoni pa chumba cha upasuaji wakauliza tena. Nikasema ndiyo, kwa sababu mtu mzima aliyeshasema ndiyo hawezi kuanza kusema hapana akiwa amevaa shati lililo wazi mgongoni. Mara ya tatu aliuliza mganga mwenyewe, sindano mkononi: "Mzee Kapinya, uko tayari?" Pale ningesema. Lakini nikageuza kichwa, nikamwona Yotamu dirishani, kutoka nyuma ya jiko, ananitazama. Na mimi kwa siku mbili nilikuwa nimemsimanga mbele ya wodi nzima. Nilimwambia, "Shemeji, unatetemekea kisu? Mimi Johannesburg walinipasua mara mbili, nikiwa naimba." Sijawahi kupasuliwa popote. Hata jipu silipendi. Nikamwambia mganga ndiyo, niko tayari. Kisha, kwa kuwa dirishani bado alikuwepo mtu, nikaimba.

Kwa hiyo mliuliza mara tatu. Taarifa yenu naomba iendelee kukaa getini, ila kitabuni lile neno "amepona" la Yotamu tu mlifute.

Leo alfajiri, tukiwa tunampandisha kwenye mkokoteni, alinishika mkono, akaniuliza polepole Enelesi asisikie: "Shemeji, kweli inauma?" Nilitaka kumwambia kuhusu Johannesburg. Nikamwambia inauma, siku ya tatu ndiyo mbaya zaidi, ya tano unaanza kucheka kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi sawa, nitakwenda," akajifunika blanketi.

Akianza kuimba msimkataze. Sauti hana.