Lugano Husalimia Kwanza

Jumamosi, 7 Juni

Gemu limekamilika! Karibu likamilike. Nimemtoa Lugano kwenye kitabu cha katuni cha babu, kile chenye harufu ya mafuta ya taa, nikamwingiza kwenye kompyuta ya shangazi. Anapanda milima ya Makete na mfuko wa chumvi, chui nyuma yake. Ukungu ni uleule: mistari michache ya wino, na baridi ya Iwawa inakuingia mifupani. Mzee Dionis ndiye aliyemchora! Sijaona mkono kama ule.

Irine, mtoto wa shangazi, amejaribu kucheza. Ameliwa na chui. Akarudia, akaliwa tena. Analaumu salamu: Lugano akikutana na bibi yeyote husimama, anasema kamwene, salamu ya huku kwetu, anauliza ya nyumbani, ya mifugo, ya viazi. Anataka kitufe cha kuruka salamu. Nimekataa. Kitabuni Lugano hampiti mzee hivihivi. Ila kitabuni chui hufika ukurasa unaofuata, na gemu halina ukurasa.

Kuna shida kubwa zaidi. Maonyesho ya vijana Makambako ni Jumamosi ijayo, na hawapokei gemu bila ruhusa ya mwenye hadithi. Mzee Dionis anaishi hapohapo Makambako, anachora nyuma za malori. Lazima nimwombe. Kwa mdomo. Mimi!

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda. Nimesimama ng'ambo ya karakana yake mpaka hindi la kuchoma likanipoa mkononi. Yeye juu ya ngazi, anavuta mkia wa simba kwa pumzi moja. Nikapiga hatua. Akageuka. Nikajifanya nakagua tairi la lori. Utingo akauliza natafuta nini kwenye tairi la watu. Nimerudi Njombe kwa shangazi.

Jumanne, 10 Juni

Wazo! Nimemtumia ujumbe kama mteja, bila jina. Naagiza kibao: NAOMBA RUHUSA KUMWEKA LUGANO KWENYE GEMU. Atajiomba mwenyewe, kwa herufi zake nzuri! Irine kauliza kwa nini nisiombe tu kwa ujumbe huohuo. Mzee haombwi kwa simu. Hana adabu huyu.

Alhamisi, 12 Juni

Kibao tayari. Nimemtuma Irine akakichukue, na kompyuta amwonyeshe gemu, nikasema naumwa tumbo.

Karudi anacheka. Kanywa na chai huko! Mzee amecheza, akaliwa mbele ya bibi, akacheka hadi akashikilia ngazi. Kisha akauliza salamu aliziweka nani. Irine kanitaja. Mzee akasema, "Huyo ndiye aliyenisoma."

Nimemfanya Irine ayarudie maneno hayo mpaka akanuna.

Kibao ni kizuri kuliko ninavyostahili. Chini, kwa rangi nyekundu, ameongeza: AJE ANISALIMIE.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeingia karakanani, asubuhi ya maonyesho! Shikamoo yangu ilitoka kama ya kifaranga. Marahaba. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza. Kamwene. Nyumbani wapi? Yakobi, hawajambo. Babu? Yupo. Afya yake? Nafuu. Viazi? Baridi imevipiga. Na mbuzi? Hatuna mbuzi. Akasikitika, nami nikasikitika. Nimejibu yote, mimi, na nikauliza ya kwake! Irine mlangoni akinionyesha saa, macho kama ya chui. Mzee akatoa ruhusa, akanichorea ukungu mbele ya macho yangu. Singeweza kuondoka. Nani angeweza?

Tulipofika maonyesho, mapokezi yamefungwa. Gemu la mbio za bodaboda limekaa mahali petu. Halina hata bibi mmoja.

Tukapanda basi kurudi Njombe. Irine akashuka, akauliza, "Sasa utaweka kitufe?"

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Nikakiri kwamba gemu lina kasoro, na leo nimeiona wazi: chui hasalimiwi. Kiumbe anamfuata Lugano mlima mzima, hajaulizwa hata kaamkaje! Ndiyo maana ana hasira. Kesho naanza kurekebisha. Nahitaji tu Mzee Dionis anichoree chui anayeitikia.

Nimeshaagiza kibao.