Usaili wa Hisia

Besi aliiona riziki yake imepanga foleni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nje ya ukumbi wa sinema. Wazazi walisimama juani na watoto wao wakingoja sehemu ya pili ya filamu ya katuni, ile ya msichana aliyebalehe ambaye hisia zilimgeuka mara tano kabla ya chai ya asubuhi. Besi hakuwa na shida na katuni. Alisimama kando kama mtu anayengoja mke, akatega sikio. Mama mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba binti yake analia vizuri kuliko yule wa kwenye filamu. Baba mmoja, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akadakia kwamba wa kwake akinuna, hata majirani hupunguza redio.

Hapo moyo wa Besi ukaruka. Mzazi anayejisifia kununa kwa mtoto wake, alijiambia, amekwisha kujichinja mwenyewe. Kazi iliyobaki ni kuchuna.

Mungu alimnyima Besi mengi, lakini alimpa sauti nzito iliyompatia jina lake, sauti ambayo hata ikiuliza saa husikika kama inatangaza habari muhimu. Kwa sauti hiyo aliwanong'oneza kwamba sehemu ya tatu itatoka kwa Kiswahili, kwamba yeye ndiye mkurugenzi wa sauti, na kwamba anatafuta vijana wa kuigiza sauti, kila mmoja kwa hisia yake, maana humo kila hisia ni mhusika. Usaili ungekuwa Jumamosi ijayo, na hakuna atakayetozwa hata senti. Neno hilo la mwisho ndilo lililowamaliza, maana matapeli wote waliowahi kuwajua walianza kwa kuomba pesa.

Zilikuja familia kumi na saba, kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila mtu alimtaka wake awe Furaha. Aibu haikupata mgombea. Baba mwenye gari alitamka wazi kwamba mwanawe hakuzaliwa kuwa Wivu.

Besi akawatuliza, kisha akawaomba simu. Maneno ya filamu ni siri, alieleza, na mstari mmoja ukivuja mitandaoni, kazi ya miaka mitatu imekwenda na maji. Ili kuwaondolea shaka, aliitanguliza yake mwenyewe kwenye begi jeusi. Nao wakafuata, wengine wakisukumana wasije wakaonekana si wasiri. Simu thelathini na moja ziliingia humo. Ambaye hakutoa kitu ni fundi cherehani mmoja, mjane, ambaye simu yake ilikufa tangu mwezi uliopita. Alikuja na binti yake wa miaka kumi na minne na kapu la nguo za wateja.

Mpango ulikuwa mwepesi. Angemsikiliza mtoto mmoja tu chumba cha ndani, ili walioko nje waamini, halafu angewataka wote wanyamaze kabisa kwa sababu anarekodi. Wao wakinyamaza, yeye na begi wangeteremka kwa ngazi za nyuma.

Binti wa fundi ndiye aliyejitolea kutangulia. Kuna jambo aliloliona ambalo wakubwa hawakuliona: mkurugenzi alipokuwa akiandika majina, kalamu yake haikuwa na wino. Aliingia na kapu la mama yake mkononi, akisema humo mna nguo za kuigizia.

"Nianze na hisia gani, mjomba?"

"Mkurugenzi," Besi akamsahihisha.

"Nianze na ipi, mjomba mkurugenzi?"

Alianza na furaha, akacheka mpaka walioko nje wakacheka bila kujua sababu. Akaingia kwenye hasira, na Besi akajikuta amerudi nyuma hatua mbili. Ilipofika zamu ya huzuni, msichana akasita. Alisema hawezi kulia mbele ya mwanamume, ila akijificha nyuma ya lile pazia la pembeni ataweza. Tena hawezi kulia mikono mitupu. Apewe kitu kizito akikumbatie. Besi akatazama huku na huku. Chumbani mlikuwa na meza, kiti na begi, na mlangoni palikuwa na masikio ya wazazi. Akampa begi.

Nyuma ya pazia ndiko mwenye duka alikotupa masalia ya vigae. Msichana aliingia huko na begi na kapu lake, akalia. Alilia kwa kishindo, kama mtu anayehama nyumba. Besi alikuwa ameliza watu wengi maishani, lakini kwa kawaida walilia yeye akiwa ameshafika mbali, kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kusikia. Binti alipotoka, macho mekundu, akamkabidhi begi lenye zipu iliyofungwa vizuri, Besi alimwambia kitu ambacho huenda ndicho kweli pekee aliyoisema siku ile:

"Mwanangu, una kipaji."

Akamtoa nje, akawataka wote wanyamaze, na dakika tano baadaye alikuwa mtaa wa tatu, kwenye kichochoro nyuma ya kibanda cha kinyozi. Akafungua zipu. Vilikuwa vigae vya bafuni, vya rangi ya samawati, vingi vikiwa vimevunjika.

Alimsihi kinyozi amwazime simu, akapiga namba yake mwenyewe.

"Ofisi ya mkurugenzi," ikajibu sauti ya binti wa fundi.

Alimweleza bila haraka kwamba simu za watu amezirudisha zote. Hakuna aliyemshukuru. Walimgombeza yeye na mama yake kwa kumfukuza mkurugenzi kabla watoto wao hawajasikilizwa, na mpaka sasa wamekaa palepale wakimngoja.

"Na binti yako amepiga mara mbili," akaongeza.

Besi alikuwa na binti, ndiyo. Hatukumtaja kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kumtaja. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, akilelewa na bibi yake, na hakuwa amempigia baba yake tangu mwaka jana.

"Anataka nini?" Besi akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Anauliza kama utampeleka kuona ile filamu. Nimemwambia uko kazini. Akauliza, kazi gani."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba utamweleza mwenyewe. Njoo uchukue simu yako, mjomba."

Kinyozi alikuwa amenyoosha mkono akidai simu yake. Besi akaitazama kwa muda. Namba ya binti yake hakuijua kwa kichwa. Akamrudishia mtu mali yake, akaliacha begi ukutani, akashika njia ya kurudi ukumbini, taratibu, akijaribu maneno ya kuanzia na kuyakataa moja baada ya jingine.