Komite ya Kujaza Fomu ya Kaswera

Habari ilifika kwenye benchi kupitia simu ya Perdiem, kama habari zote za mtaa wa Ndosho: kioo kimepasuka, ujumbe umeshapita kwa watu elfu, na herufi zote ni kubwa.

"WAZAZI MUSIKIE!" Perdiem akasoma, amesimama kama padri. "Programu ya vakansi, masomo ikifungwa. Wiki sita, kuanza Jumatatu. Sayansi, teknolojia, ufundi na hesabu. Watoto wa sekondari, wasichana mbele. Ni bure. Watalala palepale, mutaa wa Himbi. Fomu zirudi leo mbele ya saa sita."

"Soma fasi ya chakula," akasema Gisubizo, aliyekaa benchini.

"Ya chakula hawakuandika."

"Basi ni uongo. Kitu cha kweli kinakuyaka na muchele."

Benchi lenyewe lilikuwa ubao juu ya mawe mawili ya volkano, mbele ya karakana ya Gauthier, fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba viazi na makaa ya mji mzima. Gauthier hakuna aliyemwita Gauthier. Aliitwa Arshive, yaani kabati la nyaraka. Shule aliiacha darasa la sita, lakini alisoma kila gazeti lililofungiwa beinyeti, yale maandazi ya barabarani, na kila kitu kilichowahi kumkasirisha alikikumbuka kwa tarehe.

Asubuhi hiyo alikuwa na kitu kimoja kipya cha kumkasirisha, nacho kilikuwa mfukoni mwake. Ile fomu. Binti yake Kaswera, miaka kumi na sita, alimwachia kabla ya kwenda mtaa wa Majengo kupiga picha ndogo za kubandika. "Papa, ni sahihi yako na mistari mitatu tu. Nitapita saa tano na nusu." Na mama yake alikuwa safarini, mji wa Kiwanja, kununua maharage. Hapakuwa na mzazi mwingine wa kuweka sahihi.

Arshive akaitoa, akaiweka juu ya goti kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

"Iko hapa," akasema. "Na mimi sitie kidole."

"Eh! Papa Kaswera!" Mama Nshobole, muuza chai, akaacha kukoroga. "Juu ya nini?"

"Juu ninazijua hizi programu! Kisha volkano kulipuka elfu mbili na mbili, ilikuya programu ya sabuni. Watu mia mbili tulijifunza kupika sabuni. Nani alinunua? Tuliuziana sisi kwa sisi! Sabuni kila nyumba, na maji ya kuoga hakuna! Ikakuya ya sungura..."

"Ile ya sungura ilikuwa nzuri," Perdiem akasema kwa sauti ya mtu anayemkumbuka marehemu.

"Wewe uliwakula hata hawajahesabiwa!"

"Nilikuwa ninafanya suivi, kufuatilia mradi."

Perdiem, yaani Posho, ambaye mama yake alimwita Harelimana, alikuwa ameendesha magari ya mashirika miaka tisa. Semina alizipima kwa chakula cha mchana. Hata kuhusu haki za binadamu alichokumbuka ni kuku.

"Watamufanya nini mutoto?" Arshive akaendelea, vumbi la mbao likiruka kutoka kwenye ndevu. "Watamukalisha mbele ya ordinateri, wapige picha. Picha itaenda Ulaya, ordinateri itarudi ku gari, mutoto atarudi hapa na kofia. Mimi niko na kofia kumi na ine ndani ya nyumba!"

"Hata leo umevaa moja," akasema Gisubizo.

Arshive akaivua, akaisoma, akaivaa tena upande wa maandishi nyuma.

Mwalimu Mushagalusa akakohoa mwishoni mwa benchi. Walimwita Prefe, yaani mkuu wa shule, ingawa hakuwahi kuongoza kitu chochote isipokuwa somo lake la kemia. Alitoka upande wa Bukavu, na shati jeupe alilivaa hata wakati wa likizo.

"Mimi kama mwalimu wake, ninasema aende. Katika kemia ana themanini na sita kwa mia."

"Kemia gani, Prefe? Ulishaonaka hata chupa moja ya kemia?" akauliza Arshive.

"Nimezichora."

"Amezichora!"

"Miaka makumi mbili na mbili ninachora epruveti ku ubao. Ninachora moto chini. Ninachora moshi. Siku moja nilichora muzuri mpaka mutoto wa mbele akakohoa."

Wakacheka, naye akacheka. Kisha akaangalia mikono yake. "Lakini wakinipa ya kweli leo, sijui hata nitaishikia wapi."

"Basi mutoto aende akaishike," akasema Mama Nshobole, "akuye kukuambia."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Perdiem ndiye aliyeharibu.

"Kitu kama hii haikatiwe shauri na mutu mumoja. Tufanye komite."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ndosho, watu watatu wakisimama kungoja mvua ipite, wanachagua prezida. Dakika kumi zikaisha kwa uchaguzi. Arshive akawa prezida. Prefe akawa prezida wa heshima. Perdiem akawa sekretere kwa sababu kalamu ilikuwa yake. Gisubizo, anayesukuma chukudu tangu akiwa kijana, akawa mushauri.

"Na wanachama?" akauliza.

"Hakuna. Wote ni viongozi."

"Na mimi?" Mama Nshobole akauliza.

"Wewe ni genre."

"Genre ni kazi gani?"

"Ni kukaa pale, ionekane kama mwanamuke alikuwako."

"Ah. Basi genre inasema saa inakimbia, ninyi wapumbafu."

Wakaandika majina ya waliohudhuria. Wakasimama dakika moja kuwakumbuka wasiohudhuria. Ndipo Perdiem akaitandaza fomu. Swali lilikuwa moja tu: *Kwa nini programu hii inamfaa mtoto wako?* Chini yake, mistari mitatu.

"Andika," akasema Arshive, na mwenyewe akajisikia kifua kinapanuka. Siku zote alikuwa anangoja kuulizwa. Miaka thelathini amepiga kelele barabarani, leo kuna karatasi inayotaka maneno yake! Akasahau kwamba alikuwa amekataa. Akasimama juu ya gogo. Akasema kuhusu barabara, kuhusu umeme, kuhusu kipindupindu cha tisini na ine. Perdiem akaandika mpaka pembeni, Prefe akarekebisha vituo, Gisubizo akasema "Tia na ile!" kila mara. Walipomaliza wakapeana mikono. Ilikuwa safi. Ilikuwa kali.

Kaswera akafika saa tano na dakika thelathini na tano, picha nne mkononi, jasho usoni. Akawasalimu mmoja mmoja, akachukua fomu, akasoma kwa sauti.

"'Sisi komite ya Ndosho, kisha kuona maisha iko nguvu, tunaomba: bomba ya maji, mbili. Manjanja ya kufunika nyumba, mia tatu. Bashe za kukinga mvua. Unga. Majembe...'" Akainua macho. "Majembe, Papa? Shamba iko wapi?"

"Endelea," Perdiem akanong'ona, "mwisho ni muzuri."

"'...na t-shati za viongozi wa komite, saizi kubwa.'" Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Mimi niko wapi humu ndani?"

Perdiem akaichungulia karatasi kumtafuta. Pikipiki ikapita, ikapita nyingine.

"Mutoto," Gisubizo akasema polepole, "hapa, mutu akikuya na karatasi, tunaandika shida. Ni mukono yenyewe inaandika."

Kaswera hakulia, na hakupiga kelele. Angekuwa amepiga kelele, Arshive angejua la kufanya.

"Nyuma iko nyeupe," akasema. "Mutu mumoja aniambie. Kwa nini inanifaa?"

"Themanini na sita," akasema Prefe.

"Hiyo iko ku buletini ya masomo, Mwalimu."

"Wanatafuta wasichana," akasema Perdiem.

"Wasichana tuko wengi."

Akamwangalia baba yake.

Arshive akachungulia ndani ya kumbukumbu yake kubwa, ile aliyojivunia mbele ya kila mtu. Akaikuta imejaa sabuni, sungura na hotuba za wengine. Pembeni kabisa, chini ya vitu vyote, kulikuwa na kitu kimoja kuhusu huyu mtoto, na hicho alikuwa amekificha kwa makusudi.

Akakiangalia. Akamwangalia Gisubizo, aliyekaa nusu mita kutoka kwake. Laiti mtu huyu angeenda kukojoa! Hakuenda.

"Lete kalamu," Arshive akasema.

Akaandika mwenyewe upande mweupe, kwa herufi zake za darasa la sita, ulimi ukitoka kidogo. Perdiem, kwa kuwa bado alikuwa sekretere, akainama begani akasoma kwa sauti:

"'Vakansi iliyopita mutoto wangu alipindua chukudu zangu, akazipima na kamba siku tatu. Akanionyesha kama tundu la mbele, la usukani, limekosa njia kidole kimoja, na zote zinavuta kushoto. Nilimufokea. Kisha nilirekebisha mufano wa kukatia chukudu mpya asubuhi moja mbele watu hawajaamuka, pale alitia alama ya chaki. Sikumuambia asante. Mimi sina tena kitu cha kumufundisha.'"

Sahihi.

Gisubizo alikuwa amesimama.

"Zote?"

"Za zamani."

"Na yangu?"

"Yako ni ya mwaka gani?"

"Wewe Arshive ndiye unaniuliza mwaka! Miaka mitatu unaniambia ni mugongo yangu! Nimepakwa dawa! Nimeombewa siku saba bila kula! Bibi yangu ananiita Kushoto!"

"Nilisema labda ni mugongo."

"Ulisema ni zambi!"

Kaswera alikuwa ameshachukua karatasi. Akaisoma yote mara moja, akaomba kalamu, akafuta maneno mawili.

"Si kidole kimoja, Papa. Ni kimoja na nusu."

Akaandika, akakunja, akasimamisha pikipiki. Alipopanda aligeuka kumtazama baba yake, muda mfupi tu, kisha vumbi likamfunika.

Gisubizo hakungoja. Akaivuta chukudu yake, akaipindua magurudumu juu mbele ya mlango wa karakana, akaanza kueleza barabara nzima. Msukuma chukudu mmoja akasimama na magunia yake ya makaa. Wa pili akashika kiuno, akafikiri, akapindua. Kabla ya saa saba chukudu zilizopinduliwa zilikuwa kumi na moja, na wenye nazo wanauliza kwa sauti moja fundi yuko wapi.

"Fundi ni mimi," akasema Arshive, akijifunga aproni.

"Hapana, muzee," wakamjibu. "Tunataka ule wa kamba."

Arshive akawatazama wote, kofia yake ikiwa bado na maandishi nyuma.

"Ule anaanza masomo Jumatatu," akasema. "Pangeni mustari."