Breki za Fundi Benedicto

Fundi Benedicto wa Nyamongo alikuwa na spana moja iliyomlisha kuliko zote. Bodaboda akija kujaza upepo tu, yeye huchuchumaa nyuma, akailegeza nati ya breki, kisha akamwambia mwenyewe akanyage pedeli. Pedeli ikizama, Benedicto hutikisa kichwa kama mfiwa. "Umefikaje hapa ukiwa hai?" Mtu mzima hutokwa jasho, akalipia pedi mpya. Benedicto huzifuta vumbi zilezile za zamani, akakaza nati, akashukuriwa. Na kwa hesabu yake, walistahili. Mtu anabeba abiria watatu kila siku na hajawahi kuitazama nati ya breki yake.

Siku moja akaingia dada mmoja, Irine, na pikipiki ya taili mpya, mnyororo mpya, betri safi. Mate yakamjaa fundi mdomoni. Nati ikalegezwa, pedeli ikazama.

"Dada, hili ni jeneza. Niachie mpaka kesho."

"Na mama anaumwa Sirari, kaka. Nitafikaje?"

"Chukua yangu."

Yake ilikuwa na wiki tatu, kiti bado kina nailoni. Lakini Benedicto alishapiga hesabu: aliyeacha pikipiki nzuri lazima arudi, na usiku mmoja unatosha kuinyonyoa. Irine akaijaribu breki ya mbele, ya nyuma, akawasha taa, akabonyeza taili, akamwombea baraka, akaondoka. Benedicto alimwona ni mwanamke wa mbwembwe tu.

Hakungoja hata usiku. Kufika saa saba taili, mnyororo na betri vimeshauzwa, na mahali pavyo pamewekwa vikuukuu.

Saa tisa akafika mzee mmoja, Nyangwine, na wanaume sita juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wamefuata alama za taili tangu Mugumu, kijiji kwa kijiji, kama wanavyofuata ng'ombe wa wizi. Na kwa mila ya huku, nyayo zinapoishia, mwenye mji ndiye anayejibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pikipiki yangu imeibwa alfajiri. Nyayo zimeishia kwako."

"Kaileta dada mmoja, mzee. Kaondoka na yangu."

"Yako mpya ukampa mtu usiyemjua. Kwa nini?"

Kusema ukweli ni kuitaja nati, na kijiwe kizima cha bodaboda kilikuwa kimesimama pale, kila mmoja na pedi zake "mpya".

"Nilimwonea huruma."

Kijiwe kikaangua kicheko. "Huruma?" akauliza mmoja. "Benedicto huyuhuyu?"

Nyangwine hakucheka; macho yake yalikuwa kwenye taili kuukuu. "Rudisha kila kitu changu. Kisha utaiendesha wewe mpaka Mugumu, mimi nyuma yako, ukawaeleze wazee hiyo huruma."

Benedicto akazunguka kuvinunua tena vifaa kwa bei ya kukomolewa, akavifunga. Kisha akakumbuka vilima vyote vya njiani, akachuchumaa. Akafungua gurudumu, akatupa pedi kuukuu, akafunga mpya za kweli. Akakaza nati, akapima pedeli kwa kidole gumba, akajaribu breki ya mbele, mnyororo, taili, taa, honi. Akazungusha gurudumu, akakanyaga, likasimama. Akarudia yote tangu mwanzo. Ilimchukua saa nzima, na bodaboda wote walimtazama.

"Kumbe kazi anaijua," akasema mmoja wao.