Winchi ya Kujengea Zahanati

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza. Imetangazwa zabuni ya kujenga zahanati isiyo hata na ghorofa. Hatua mbili: kwanza tueleze tutajengaje, bei marufuku, watakaopita ndio walete bei. Mke wangu amesema hii ndiyo ya mwisho. Nikiikosa, nifunge ofisi nikaajiriwe na kaka yake. Shemeji! Mtu niliyemfundisha mimi kupiga lipu!

Alhamisi, 6 Machi
Akili imenijia. Wasipouliza bei, kuahidi ni bure. Nimeandika winchi. Nimeandika maabara ya kupima zege papo hapo. Wahandisi watatu. Fundi wangu akauliza winchi ya nini, wakati tofali likirushwa kwa mkono linafika juu. Nikamwambia ashike mwiko wake. Shemeji, nasikia, kaandika kurasa nne tu. Masikini.

Jumanne, 18 Machi
Tumepita wawili, mimi na shemeji! Kamati ikaniita nifafanue. Mwenyekiti, mama mpole, akapitia ahadi zangu moja moja, akauliza kama nina hakika. Ningeweza kupunguza, kikao kiliitishwa kwa ajili hiyo hiyo. Lakini mlango ulikuwa wazi, na shemeji kakaa kwenye benchi nje. Nikasema nina hakika. Nikaongeza bustani.

Ijumaa, 21 Machi
Barua ya hatua ya pili. Bei iwe ya yote niliyoahidi, bila kupunguza kitu. Nimezunguka kutafuta winchi ya kukodi mpaka soli imelika. Mwenye winchi aliposikia ni ya zahanati, alicheka. Kisha akataja bei. Mimi sikucheka.

Jumatano, 2 Aprili
Bei zimesomwa hadharani. Ya shemeji, sawa. Yangu, msomaji akarudia, akidhani kaona vibaya. Mwenyekiti akaniambia taratibu, "Baba, kwa bei hii tungepata hospitali nzima."
Imeniuma. Nimerudi nyumbani. Nimekuta mke wangu ameipiga pasi ovaroli yangu.

Jumatatu, 7 Aprili
Siku ya kwanza kwa shemeji. Amenipokea kwa heshima zote, na hilo ndilo linanikera zaidi. Eti msimamizi, kumbe kazi yangu ni kulinda saruji isilowe. Mchana akaniita. Kuna zabuni ya maktaba, hatua mbili, na akishindwa, baada ya zahanati hii hana kazi nyingine mwaka huu. Akaniomba niandike hatua ya kwanza, maana mimi nina maneno. "Andika tutakachofanya tu, shemeji."
Haya. Bei bado hawajauliza. Nimeanza na winchi mbili.